Moduli Niliyoifuta Majina

Alhamisi. Ukungu umekaa juu ya migomba ya Kirua tangu asubuhi, na mimi tangu asubuhi naangalia balbu.

Siku tatu umeme haujakatika. Zahanati nzima inashukuru. Mimi peke yangu naogopa.

Niandike yote. Jumatatu kompyuta ndogo inayolinda friji ya chanjo ilijaa. Mimi ni karani wa mapokezi tu, lakini kwa kuwa nilisoma kompyuta chuoni, mashine zote hapa naitiwa mimi. Nikaamua kupunguza uzito wa mafaili kwa kuyaondolea alama, yaani orodha ya majina ambayo mtengenezaji huacha ndani ya programu. Nilianza na maktaba za pamoja, zile zinazotumiwa na programu nyingi. Zikapungua, zikaendelea na kazi kama kawaida. Nikapata kiburi. Nikapitisha amri ileile kwenye moduli za kerneli, yaani vipande vya programu vinavyoungwa kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta, pamoja na ile inayosoma joto la friji.

Nakala sikuweka. Nafasi ya kuiweka ndiyo niliyokuwa naitafuta.

Leo nimesoma nilichopaswa kusoma Jumatatu. Maktaba ina orodha mbili: moja ya fundi, moja ya kutumika kazini. Amri yangu ilifuta ya kwanza, ya pili ikabaki. Moduli ina moja tu, na kerneli huisoma kila inapoipokea moduli, ijue kipande gani kiungwe wapi. Ningeondoa taarifa za kusaka makosa peke yake, isingedhurika. Mimi nilifagia zote.

Na bado skrini inaonyesha nyuzi tano. Moduli ilikuwa imeshapakiwa kabla sijaharibu faili lake, kwa hiyo inaendelea kupima. Ni kama kusikia mtu anakohoa ndani ya nyumba unayojua haina mtu. Umeme ukizimika mara moja tu, haitaamka tena, na kengele ya friji haitalia hata chanjo zikiharibika.

Kesho ni kliniki ya watoto.

Nesi wetu, Mama Aurelia, zamani alisoma kipimajoto cha mkono asubuhi na jioni, akaandika kwenye karatasi. Mimi ndiye niliyemwambia aache, mashine inatosha.

Nilifikiria kunyamaza. Niteremke Moshi kwenye intaneti nzuri, nilete faili zima, asijue mtu. Lakini nikiwa njiani, nani angeangalia friji?

Jioni. Saa tisa nilichuma jani la isale kwenye mpaka wa shamba. Kwetu anayekuja na isale anaomba msamaha, na si rahisi kumkatalia. Nikamwamkia Mama Aurelia, nikaliweka mezani kwake.

"Marahaba. He! Isale? Umegonga ng'ombe wa nani?"

Nikamweleza. Akaacha kucheka. Jani hakuligusa. Alifungua droo, akatoa kipimajoto cha zamani na karatasi yake.

"Jani nitalipokea kesho, watoto wakishachanjwa," alisema. "Sasa kasome nyuzi, mwanangu. Uandike na jina lako."

Saa kumi na moja kasoro umeme ulikatika, ukarudi baada ya dakika chache. Kompyuta ikawaka. Mahali pa nyuzi hapakuwa na namba. Kati ya taarifa za kuwaka, kerneli ilikuwa imeacha mstari mmoja wa Kiingereza: moduli haina alama. Na mwishoni ikauliza, zimeondolewa?

Ndiyo. Ni mimi.

Kipimajoto cha mkono kinasoma sita. Nimeandika, nimeweka jina. Chanjo ni salama, na Mama Aurelia amesema atabaki na friji mwenyewe nitakapokwenda Moshi kuleta faili.

Jani bado liko mezani kwake.

Najiuliza: kama umeme ungekatika jana, kabla sijalichuma, ningesema ni mimi, au ningesema ni mashine?