Goti la Kumwamkia Babu

Justine na Catherine,

Uji uko kwenye chupa. Saida wa jirani ananipeleka hospitali, goti limevimba tena.

Asubuhi babu yenu alifika kutoka Usangu. Nikaweka magongo pembeni, nikampigia goti, lile lile lililopasuliwa. Mazoea. Kuinuka nikashindwa, naye kwa mila hawezi kumshika mke wa mwanawe. Akatoka nje kuita majirani, mimi nimekwama sakafuni kama nilivyokwama humu ndani wiki tano.

Toeni mkeka koridoni, magongo yanateleza juu yake.

~~Mwambieni asije tena mpaka nipone.~~

Bado yuko nje kwa aibu, amekataa chai. Mwingizeni ale. Mwambieni jioni nitamwamkia nimekaa kwenye kiti, naye aitikie kama siku zote.

Mama yenu