Neno Alilolikataa Gaspari

Baba,

Shikamoo. Najua shikamoo huitikiwa na aliye hai, lakini mkono wangu umekataa kuanza na neno jingine. Nakuandikia nikiwa Mabawa, nyumbani kwa mume wangu. Mlango nimeutia komeo mchana huu, kwa sababu ninayotaka kukuambia hayasemeki kwa mtu mwenye mdomo. Hata Stefano sijamwambia yote. Wewe hakuna atakayekuita bomani kukuhoji.

Ni habari za Gaspari.

Hatukukaa sana baada ya kuondoa matanga yako. Kule shamba la mkonge ulikomwacha, msimamizi aliongeza matita ya majani ya kukata, ujira ukabaki uleule. Watu wakaweka mapanga chini. Wakatafuta wa kuwasemea, wakamchukua Gaspari, kwa kuwa Kiswahili chake ni cha mjini na hababaiki mbele ya Mzungu. Unamjua mwanao. Akasema kwa adabu, lakini akasema yote. Siku ya pili askari wakaja na gari wakawabeba yeye na wenzake.

Wenzake walitozwa faini wakarudi. Yeye hakurudi.

Nilikwenda boma. Karani niliyemkuta mapokezi ni kijana safi, shati limepigwa pasi, hata kiti alinipa. Akaniambia, "Dada, wale wengine ni watu wa hapa. Ndugu yako ni mgeni. Mgeni akifanya fujo hatozwi faini, hurudishwa kwao."

Nikamuuliza, "Kwao wapi?"

"Urundi, kwa Wabelgiji."

Baba, mdogo wangu mbali alikowahi kufika ni Korogwe, tena kwenye harusi. Nikamwambia yule karani kwamba Gaspari kazaliwa hapa hapa kambini, kabatizwa hapa, na hata hicho Kirundi chenu anakijua cha kuombea maji tu. Akatikisa kichwa kwa huruma. Akasema sheria haiulizi mtoto kaangukia wapi, inauliza baba yake alikuwa mtu wa serikali gani. Mtoto wa mgeni ni mgeni.

"Na yule Mzungu mwenye shamba," nikasema, "yeye kazaliwa Ugiriki. Yeye naye ni mgeni?"

Akacheka kidogo, akatazama mlangoni kwanza. "Yule si mgeni, dada. Yule ni mlowezi."

Nilirudi kwa miguu nikiligeuzageuza neno hilo kichwani. Nikakumbuka ulivyokuwa ukitania wageni wetu kwamba Waswahili humpa mgeni jembe siku ya tatu, ila wewe ulipewa panga siku uliyoshuka kwenye lori, na namba shingoni kabla hujaulizwa jina. Ulicheka ukisema hivyo. Nikakumbuka na siku ile tulipokwenda Usagara kusikiliza mkutano wa siasa, msemaji akaanza, "Ndugu wananchi." Uliniinamia sikioni ukaniuliza kwa Kiswahili chako cha kambini, "Na mimi yumo?" Nikakujibu, "Umo, Baba." Nilijibu haraka tu, nilitaka tusikilize.

Nilipomweleza Stefano, mume wangu hakupandisha sauti. Aliweka kikombe chini. Akasema, "Vero, wewe umeolewa na Mbondei. Kwa watu na kwa serikali umeshakuwa Mbondei. Ukienda kusimama pale ukasema yule ni ndugu yako, baba mmoja mama mmoja, unajitia wewe mwenyewe kwenye neno lile lile." Si kwamba hampendi Gaspari. Alikuwa anaogopa. Mimi pia niliogopa, Baba. Watu wa mtaani walianza kunisalimu haraka haraka. Mwanamke mmoja kisimani alisema, si kwangu lakini ili nisikie, kwamba watu wa kuja hawana shukrani. Mimi niliyechota maji kisima hicho tangu niolewe.

Aliyekuja kukaa nami ni Bi Mwanatumu, yule Mdigo jirani, muuza vitumbua uliyekuwa ukimpelekea mihogo. Ndiye aliyempokea Gaspari kwa mikono yake siku mama alipozidiwa na uchungu. Alivua viatu, akakaa mkekani, akasikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Basi nitakwenda mimi, mwanangu. Mimi ndiye nliyemshika. Waniulize mimi."

Tukaenda sote. Stefano naye alikuja, alivaa koti lake la kanisani na kutembea mbele yetu.

Bwana Shauri, ofisa wa boma aliyesikiliza kesi, alikuwa Mzungu bado kijana, Kiswahili chake cha vitabu. Gaspari aliletwa amekonda, ndevu zimemtoka, lakini macho yalikuwa yake. Mimi nilisema yangu. Nilisema huyu ni ndugu yangu, baba mmoja mama mmoja. Kisha akaitwa Bi Mwanatumu. Akaeleza alivyomzalisha mama, kibanda gani, nani alikuwepo, mvua ilivyokuwa ikinyesha. Bwana Shauri akamwambia hayo hayakanushwi, lakini hayabadilishi kitu. Akamuuliza, kama mtu anayemaliza mazungumzo, "Na wewe mama ni mwenyeji wa wapi?"

Bi Mwanatumu akajitanda vizuri ukaya wake. "Mimi nlizaliwa ng'ambo ya Horohoro, Bwana. Upande wa Mombasa. Nliolewa huku. Ndugu zangu wote wako kule, nikifiwa nakwenda, wakifurahi nakwenda. Sikuzaliwa nchi hii hata kidogo. Huyu kijana kazaliwa hapa, nami nliona. Sasa mimi hamniiti mgeni, yeye mwamwita mgeni. Nambie, Bwana, kipi nilichonacho mimi ambacho yeye hana?"

Nilimwona karani anainamisha uso. Mimi nikafikiri, huyu mama sasa kajitia mwenyewe kitanzini. Wadigo wangapi wanapita pale mpakani Horohoro kila juma, na hakuna anayewauliza kitu. Yeye kalisema hadharani, mbele ya serikali.

Bwana Shauri alituambia tusubiri nje. Tulikaa kwenye ngazi mpaka jua likahama. Tulipoitwa tena, sauti yake ilikuwa imelainika. Akasema hataki kumwonea mtu. Atampa Gaspari kibali cha kukaa. Atie dole gumba kwamba yeye ni mgeni kutoka Urundi, anayeishi hapa kwa hisani ya serikali, na kwamba hatajiingiza tena kwenye migomo. Akikubali, anarudi nyumbani leo. Akikataa, anaondoka kwa treni inayofuata.

Baba, mimi nilishukuru Mungu kwa sauti. Nilimwendea Gaspari nikamshika mkono wenyewe, huo wa kulia. Nikamwambia, "Tia, mdogo wangu. Ni neno tu."

Akasema, "Kama ni neno tu, mbona wanalitaka sana?"

Nilimsihi. Stefano alimsihi. Bi Mwanatumu peke yake hakumsihi. Gaspari akamwambia Bwana Shauri kwamba kuhusu migomo yuko tayari kuahidi, na faini yuko tayari kulipa, lakini kusema yeye ni mgeni hapa hawezi, kwa kuwa si kweli, na akishalisema yeye basi watoto wake nao watazaliwa wageni, na watoto wao. Hakusema kwa jeuri. Alisema kama anavyosema mtu kwamba kiatu hiki si changu.

Wakampeleka.

Nilimsindikiza stesheni. Askari alituruhusu tusimame pamoja kidogo. Nilimpa mkate na shuka lako. Nilikuwa na hasira naye, Baba, hasira kali, mpaka nilishindwa kulia. Treni ilipoondoka Stefano akanishika mkono, tukarudi nyumbani.

Bi Mwanatumu hawakumgusa. Labda hawakutaka kuanzisha jambo lisilo na mwisho. Lakini msimu huu shangazi yake alifariki huko ng'ambo, naye hakwenda maziko. Aliniambia miguu inamuuma. Mimi najua si miguu.

Miezi ikapita bila habari. Nikawa namhesabu Gaspari katika watu ninaowaombea waliotangulia, kisha najikemea na kumtoa.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, mtu mmoja nisiyemjua alinisubiri nje ya kanisa. Nguo zake zilinuka utomvu wa mkonge. Akanisalimu kwa heshima, akasema, "Kuna mtu kambini kwetu, njia ya Pangani, anakusalimu. Anasema wewe utamjua kwa jina. Anaitwa Bigirimana."

Baba, jina lako.

Nilimwambia Stefano nakwenda kumwona mgonjwa. Nikapanda basi, nikateremka kwenye barabara ya shamba, nikafuata mistari ya mkonge mpaka kambini. Wakati huo nyapara alikuwa anawaita watu wapokee posho. Akaita, "Bigirimana." Na sauti iliyoitika ilikuwa ya mdogo wangu.

Amekonda zaidi. Ana kovu jipya kwenye nyusi. Tulikaa nyuma ya kibanda chake, akanisimulia kwa sauti ya chini. Walimshusha kule kwenu na kumkabidhi kwa mkuu wa pale. Mkuu akamtazama, akamsikia anavyosema, akaandika kwamba ni mtu aliyetoka nje. Watu wakamwita Mswahili. Watoto walimfuata wakiigiza matamshi yake. Kila alipofungua mdomo walicheka, si kwa ubaya, lakini walicheka. Hapa Mrundi, kule Mswahili.

Aliuliza jina lako kijiji kwa kijiji mpaka akampata dada yako. Yu hai, Baba. Ni kikongwe, haoni vizuri. Alimpapasa Gaspari uso, akalia, akamuuliza wewe umebaki wapi njiani. Alidhani umekuja naye, kwamba unafuata nyuma. Gaspari ndiye aliyemwambia. Wakakulilia upya huko, majirani wakaja, wakakaa kilio kama umekufa jana. Kwa hiyo ujue, umeombolezwa nyumbani.

Shangazi alitaka abaki. Akampa sehemu ya kulima. Akakaa, akalima, akashindwa. Aliniambia aliota bahari mchana, akiwa macho, jembe mkononi. Njia ya kurudi kwa kibali haikuwepo, jina lake liko kwenye vitabu vya waliofukuzwa. Lakini wale mawakala wa mashamba ya mkonge bado wanapita huko na malori yao, kama walivyopita enzi zako, wakitafuta vijana wa manamba. Akaenda akapanga foleni. Wakamuuliza jina, akataja lako. Wakamuuliza kabila, akasema Mrundi. Wakamuuliza, wewe ni mgeni Tanganyika? Akasema ndiyo. Akatia dole gumba.

Nilimuuliza, "Kwa nini huku umekubali, na bomani ulikataa?"

Akasema, "Bomani waliniuliza mimi. Huku waliyemwandika ni Baba, na Baba kweli alikuja mgeni." Kisha akacheka, akainamisha kichwa magotini, na mabega yake yakatikisika, nami nikaona si kicheko tena. Nikamshika kama nilivyomshika siku tulipokuzika.

Anaogopa. Kuna watu wa shamba la zamani waliohamia huko, mmoja akimtambua basi. Mimi naogopa zaidi yake. Kila gari la askari likipita Mabawa nasimama. Nimeanza kumficha mume wangu neno, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nitamwambia, lakini kwanza nimetaka kukuambia wewe, kwa kuwa jina ni lako na hukuulizwa.

Nimeahidi kwenda kila nitakapoweza, nikimpelekea chumvi, samaki wa kukaanga na habari za nyumbani. Mbele za watu nitamwita Bigirimana, na wakiniuliza nitasema ni jamaa ya baba yangu, jambo ambalo si uongo. Siku atakapoweza kusimama mjini akaitwa Gaspari bila kutazama nyuma, nitakuja mwenyewe hapo ulipolala, nikuambie tumemaliza nalo jina lako.

Mpaka siku hiyo, Baba, vumilia ukisikia nyapara anakuita alfajiri kule njia ya Pangani. Usiamke. Atakuitikia mwanao.

Mwanao akupendaye,
Veronika