Mbuzi Aliyeibwa na Kamau

Jumatatu, 4 Agosti 1958
Kamau wangu amechukuliwa kuigiza filamu ya tatu! Naandika kabla hata ya kunawa mikono, nilikuwa nachambua maharagwe ya kuuza. Atakuwa mwizi tena. Ya kwanza aliiba kuku, ya pili mbuzi, sasa baiskeli. Gari la sinema limemwonyesha mpaka Ruiru. Thika hii nani mwingine ana mtoto kwenye kile kitambaa cheupe? Asante Mungu.

Jumatano, 6 Agosti
Kamau akipita sokoni wanawake wanakumbatia vikapu. "Mama Kamau, mwizi wako huyo, chunga kuku!" Tumecheka. Nikawaambia hakuna anayeiba kama mwanangu. Kwa sauti.

Ijumaa, 8 Agosti
Pombe ya posa ya Kamau imerudishwa kutoka Ruiru. Kibuyu hakijafunguliwa. Baba yake Wambui anasema hampi mwizi binti yake. Amemwona kwa macho yake akitiwa pingu, mara mbili. Na eti mama yake mwenyewe anajisifu sokoni.
Ngai, Mungu wangu, mdomo huu.
Kamau hajala. Alimwomba bwana wa filamu amfanye mkulima mwema, akaambiwa watu wameshazoea kumzomea. Anayeigiza mkulima mwema ni jirani yetu hapa Kamenu, mlevi kabisa. Lakini barabarani anavuliwa kofia! Nimekasirika.

Jumapili, 10 Agosti
Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nawaza mbuzi.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimepata pasi ya chifu ya kusafiria, nikaenda Ruiru na mbuzi juu ya basi. Yule yule wa filamu, mwenye sikio lililopasuka. Ni wangu, walimwazima kwangu siku moja tu.
Baba yake Wambui akalishika lile sikio. Akaligeuza.
"Huyu si yule aliyeibwa?"
"Aliibwa kwangu, baba, na mwanangu. Jioni akarudi kula majani yake."
"Na pingu?"
"Za bwana wa filamu. Alizirudisha sandukuni."
Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akamwita mkewe aje aone mbuzi wa sinema. Wambui akaniletea uji. Mtoto mzuri.

Jumanne, 12 Agosti
Kamau amekula sahani mbili. Pombe mpya inachacha pembeni ya jiko. Mzee anataka mbuzi yule awe wa kwanza kwenye mahari. Nitamkosa. Nimempa majani ya viazi, anatafuna polepole. Asante Mungu, hata kwa wale wanaozomea.
Ruiru wanatungoja sote Jumamosi.