Bei ya Mtu Baki

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ninatumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba goti lako limepunguza maumivu kiasi cha kukuachia usingizi. Mama naye hajambo? Na wadogo zangu, wale walionibandika jina la Meneja tangu siku ya mahafali, je, wanakusaidia kazi au wanakula tu? Mimi sijambo. Jana nililala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza tangu uliponikabidhi fedha zile. Naomba uisome barua hii polepole na uifikishe mwisho, kwa kuwa habari niliyo nayo ni njema: boti imepatikana.

Nilipoondoka nyumbani nilielewa vyema uzito wa kazi uliyonituma. Mkaguzi ameikataa boti yetu ya zamani, na mwalimu mkuu amesema, kwa upole wake wote, kwamba shule ikifunguliwa kabla hatujapata nyingine, kazi ya kuwavusha wanafunzi atampa mtu mwingine. Kazi hiyo ndiyo ada ya wadogo zangu na ndiyo dawa yako. Ulisema mtu aliyesomea biashara hawezi kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nilitabasamu uliposema hivyo, lakini ndani ya basi niliukumbatia mkoba wenye fedha zako njia nzima.

Muuzaji wa kwanza alikuwa dalali ambaye wenzake humwita Injinia, ingawa sikupata ushahidi kwamba amewahi kufungua hata kifuniko cha birika. Boti yake ilipakwa rangi ya samawati mbichi mno, hata ilibaki kwenye vidole vyangu. Aliisifu kwa muda mrefu. Nilimsikiliza kwa heshima, kisha nikamwomba tuipande sote wawili twende nayo hadi katikati ya maji. Akasema angefurahi sana, ila ndiyo kwanza ametoka kula. Nikamwambia nitasubiri chakula kishuke. Akakumbuka kwamba ana kikao. Nilipoendelea kusubiri, akamwita mpwa wake aliyekuwa akichomelea vyuma jirani, akamwamuru anipeleke yeye. Mpwa akajibu, bila hata kuacha kazi, kwamba mjomba amwie radhi, yeye bado ana watoto wadogo. Watu wote pale walicheka, Injinia akiwemo. Nilimshukuru kwa muda wake nikaondoka.

Wa pili alikuwa mstaafu mwenye boti nzuri, lakini kwenye bei alikuwa amejumlisha kila samaki aliyewahi kumvua humo tangu ujana wake. Sikuwa na fedha za kununua kumbukumbu.

Kufikia hapo nilikwisha kuanza kutunga moyoni maneno ya kukuomba msamaha. Niliingia duka la vifaa vya ujenzi ili niulizie bei ya mbao, nikifikiri labda tungeifufua ile ya zamani, na muuzaji akaniuliza kwa nini nijitese wakati nyuma ya ghala lao kuna karakana ya fundi anayeuza boti nzima. Alisema wao humwita Mzee Msasa, kwa sababu hana ubao anaoridhika kwamba umelainika.

Nilichokiona kwanza karakanani ni miguu miwili iliyotokeza chini ya boti. Nikabisha hodi. Sauti ikaniambia kwamba boti haiuzwi kwa wanaoiangalia kutoka juu, kwa hiyo kama nina nia niiname. Nikainama, Baba, na sketi yangu ya ofisini.

Yule fundi alianza na kasoro, kabla sijauliza lolote. Alinionyesha ubao mmoja wa nyuma uliobadilishwa, mahali palipozibwa upya kwa pamba na lami, na benchi moja linalolia likikaliwa. Mengine yote aliniachia nikague mwenyewe. Nilikagua ndani na nje, ubao kwa ubao, kwa jinsi ulivyotufundisha. Ni boti ya mbao ngumu, pana kuliko yetu, yenye paa la turubai na nafasi ya wanafunzi wanne kwenye kila benchi. Kisha tukaishusha majini, tukaipakia mifuko ya mchanga yenye uzito wa darasa zima, naye akapanda na kukaa bila kuombwa. Tulizunguka nayo, tukaifunga, tukaiacha na mzigo wake mpaka jioni. Niliporudi kufua maji yaliyoingia ndani, kopo lilitoka na maji machache yasiyotosha kunawa uso. Nilikaa kwenye lile benchi linalolia na nikahisi mabega yangu yakishuka.

Likabaki suala la bei, na hapo ninapaswa kuripoti kwamba elimu yangu haikufua dafu. Nilimrudishia kasoro zile alizonionyesha. Akasema amekwisha kuzitoa kwenye bei. Nikamweleza faida za kulipwa taslimu. Akakubaliana nami kwa kila hoja, na bei ikabaki pale pale. Mwishowe nikafanya kama ninaondoka. Akaniomba nikifika getini nilirudishie vizuri, mbuzi wa jirani huingia kutafuna turubai. Bei yenyewe inamaliza fedha zote ulizonipa, bila kuacha hata nauli ya kurudi. Lakini nauli ya nini, nami ninarudi na usafiri wangu?

Sasa, Baba, nimefika penye jambo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu, kwa maana kwenye simu ungekata kabla sijamaliza sentensi. Mwenye boti ni baba mdogo.

Mimi sikumtambua. Nilikuwa darasa la nne alipoifungua ile injini mliyoinunua pamoja na kuondoka nayo, na tangu hapo jina lake halijatajwa nyumbani kwetu. Yeye ndiye aliyenitambua. Tulipokuwa tukipakua mifuko ya mchanga aliniuliza ni nani aliyenifundisha kugonga mbao kwa kifundo cha kidole huku nimefumba macho. Nikamjibu kwamba ni baba yangu. Akakaa juu ya mfuko. Kisha akasema kwamba yeye na wewe mlifundishwa hivyo na babu, siku moja, kwenye boti moja.

Nilikasirika kwa niaba yako, nami sikumficha. Nilimwambia, kwa adabu lakini bila kuzunguka, kwamba mtu aliyekuondokea vile angeweza angalau kumpunguzia mwanao bei. Akasema anakufahamu kuliko ninavyokufahamu mimi. Akipunguza hata senti moja utasema umepewa sadaka, na boti itarudi kwake kabla jua halijazama. Kwa hiyo ameniuzia kwa bei ya mtu baki, ili uipande bila kuona kwamba kuna mtu aliyekuhurumia.

Injini ni jambo lingine. Wewe nami tulikubaliana kununua boti tupu, isukumwe na kile kiinjini chetu kinachokohoa mpaka hali itakaporuhusu. Nilipomlipa, niliona ameifunga nyuma ya boti ile injini yenu. Ameibadilishia vipuri vingi kiasi kwamba labda kifuniko tu ndicho cha zamani, lakini inawaka kwa mvuto mmoja wa kamba. Nilimuuliza bei yake. Akasema boti ni mali yake na ana haki ya kuiuza, ila injini nusu si yake, hivyo hana cha kuuza hapo.

Hakujitetea kwa mengine. Alisema tu kwamba alikuwa kijana mwenye hasira, na kwamba wiki ile ile alitaka kuirudisha, lakini kila alipochelewa aliona aibu zaidi, mpaka ikawa rahisi kukaa mbali.

Niliikagua boti hii kabla sijajua ni ya nani, na nimeilipa nikijua. Mama hakuambiwa lolote, kwa hiyo ukikasirika, nikasirikie mimi peke yangu. Lakini nikuambie pia yaliyomo moyoni mwangu. Miaka yote hii nimeogopa kukuuliza kama ndugu yako yu hai, kwa kuhofia jibu. Yu hai. Kichwa kimejaa mvi, ana kikohozi cha vumbi la mbao, na anapokutaja husema Kaka, kana kwamba mliachana asubuhi. Kujua hivyo kumenipa nafuu ambayo nisingeweza kuipata kwa boti yoyote.

Mimi sijui kuendesha chombo, kwa hiyo ataileta mwenyewe. Barua hii nampa dereva anayepeleka vitabu vya shule. Itakufikia kabla yetu. Sisi tutafika Jumamosi asubuhi, na Jumatatu wanafunzi watavuka. Nilimuuliza kama ana lolote la kukuomba. Akafikiri kidogo, akasema pawepo tu mtu gatini wa kupokea kamba. Sikumuuliza ni nani, naye hakusema.

Nisalimie Mama, na umwambie ninarudi nikiwa na njaa. Wadogo zangu nao wasalimie, waache kutumia blanketi langu. Majirani wote wape salamu, hata yule aliyesema mtoto wa kike hatumwi kununua boti. Yeye mpe mara mbili.

Baba mdogo naye anakuamkia, shikamoo. Alitaka nimwandikie humu humu kwamba umeitikia marahaba. Nimemwambia hilo siwezi kuliandika mimi, asubiri Jumamosi.

Ni mimi mwanao,
mzaliwa wako wa kwanza.