Mfalme Kwenye Lori la Unga

Jumanne, 18 Machi 1997

Vichwa vitatu leo, vyote rasta ndefu. Kila mtu anataka kupendeza Pasaka. Vidole vimevimba. Mteja wa mwisho kaniuliza nilikuwa nani kwetu Zaire. Nikamwambia mtoto wa mfalme. Alicheka mpaka ikabidi niache kusuka. "Eish," akasema, basi na yeye ni malkia wa Umlazi, mtaa wao. Haya.

Ufalme wenyewe mdogo. Vilima na mto mmoja, gari linaupita kabla hujamaliza kula muwa. Lakini ni wetu. Na waasi wameshafika jirani. Serikali ilimpa baba gari na nishani, kwa hiyo kwao baba ni mtu wa serikali. Chifu wa ng'ambo ya mto wamemuua mbele ya watoto wake. Naogopa. Sina neno lingine.

Alhamisi, 20 Machi

Ilunga amepiga. Mdogo wangu huyu amevuka mpaka Zambia kutafuta simu tu, sasa anarudi kuwachukua wazee. Niliongea kwenye korido, kwa simu ya Bi Mwanaidi, mama wa Tanga aliyenipangisha chumba hapa Glenwood, Durban.

Mpango: lori la unga hadi mpakani. Baba awe mfanyabiashara, mama awe mke wake, Ilunga awe utingo. Wakishavuka, mabasi mpaka kwangu.

Baba amekubali kunyoa ndevu. Hapo nililia. Halafu nikacheka, maana Ilunga anamfundisha kubeba begi. Mzee hajawahi kubeba hata mwavuli wake.

Jumapili, 23 Machi

Nimesukuma kitanda ukutani. Wao watalala juu, mimi chini.

Kinachonisumbua ni chakula. Kwetu mfalme hali mbele ya watu. Mama anamshikia kitenge mbele ya uso, na sisi wote tunageuka, tunampa mgongo. Mimi mwanawe wa kumzaa sijawahi kumwona baba akitafuna. Bi Mwanaidi kauliza, sasa chumba kimoja hiki mtafanyaje? Nikasema nitapiga pazia. Akaniletea lake la zamani, la maua makubwa. Baya sana. Nimelitundika.

Njiani, Ilunga anasema, baba atashinda na njaa, atakula kukishaingia giza.

Jumatano, 26 Machi

Kama mambo yamekwenda sawa, wameshaondoka. Hakuna simu. Nimemsuka mtu kombo, ikabidi nifumue kichwa chote.

Ijumaa Kuu, 28 Machi

Hakuna.

Kanisani sikwenda. Nimekaa sakafuni karibu na simu. Bi Mwanaidi ametoka msikitini akanikuta palepale. Ameniwekea wali na samaki, akaenda zake chumbani kwake.

Jumapili ya Pasaka, 30 Machi

Ilunga.

"Yaya, baba balimukamata. Mama iko hapa na miye, Zambia."

Yaya ni mimi, mkubwa wake. Wamemkamata baba. Naandika alivyonieleza, nikiogopa kesho nitaanza kuipamba.

Vizuizi vyote vya mwanzo walipita. Baba alibeba magunia, alimwita askari bosi, alivumilia kusukumwa. Kwenye kizuizi cha mwisho askari wa waasi walikuwa wamechinja mbuzi. Walikuwa na furaha, wameteka mji. Wakawashusha abiria wote ili wale nao, kindugu. Asiyekula si mwenzetu, wakasema.

Baba akapokea kipande. Ilunga anaapa alikuwa anakipeleka mdomoni. Baba yangu alikuwa tayari kula mbele ya watu ili mama aishi.

Na mama akafungua kitenge akamshikia usoni.

Hakufikiri. Mikono ilikwenda yenyewe, anasema Ilunga, tangu ameolewa inafanya hivyo. Pembeni kulikuwa na wanawake wanauza mihogo, watu wa kwetu. Walipoona kile kitenge wakageuka wote, wakampa mfalme wao mgongo. Kwa heshima. Askari mmoja akauliza, mbona hawa wamegeuka?

Lori liliruhusiwa kuendelea. Baba alibaki.

Jumatatu, 31 Machi

Nimemchukia mama. Nilibandika maharage, nikamchukia mpaka yakaiva. Kitenge! Mbele ya bunduki! Halafu nikakaa na sahani mapajani, nikawaona wale wanawake na migongo yao, na nikajua ningekuwa pale na mimi ningegeuka.

Sikula.

Jumapili, 6 Aprili

Wamemuua. Siku ileile, kabla lori halijafika mpakani. Padri mmoja amemzika kando ya barabara, ndiye aliyetuma habari. Ilunga alikuwa anaongea polepole kama mtu mzima. Sikumpenda kwa hilo.

Pazia nimelirudisha kwa mwenyewe.

Jumamosi, 19 Aprili

Mama amefika. Mdogo. Nilimpita stendi nikidhani ni bibi wa mtu mwingine. Ilunga amebaki Lusaka, kapata kibarua.

Ameoga, ameuliza bahari iko upande gani, amelala. Bi Mwanaidi alikuja kumpa pole, mama akamjibu mume wake amesafiri. Ndivyo tunavyosema kwetu. Mfalme hafi, husafiri, na atakayetamka vingine analeta mkosi kwa ukoo mzima. Kwa hiyo hatujaomboleza. Tunaishi humu ndani na msafiri.

Ijumaa, 25 Aprili

Anapika, anafagia, anakunja nguo zangu. Kuhusu kile kizuizi hasemi, nami siulizi. Jana alijisahau akapakua sahani tatu. Nilikula mbili.

Jumanne, 29 Aprili

Nimekwenda naye saluni, chumbani peke yake anadhoofu. Amekaa kando yangu, anachambua rasta na kunipa fungu moja moja. Mikono myepesi. Mteja, mwalimu wa shule, mstaarabu, kaniuliza kama baba naye yuko Durban. Nikamtafsiria mama, ili anisikie nikijibu vizuri. Nikaanza kwa lugha yetu kwanza: baba amesafiri.

Mama akanigusa goti.

"Umwambie alikufa."

Nikamwambia mwalimu, kwa Kiingereza, lugha ambayo baba hakuijua. Mwalimu akanyoosha mkono nyuma, akaushika wa mama. Kisha mama akautoa mkono wake taratibu, akanipa fungu jingine, nami nikaendelea kusuka.