Jibu Halipigiwi Kura

Bahi, 4 Mei

Mpwa wangu Mwanne,

Salaam nyingi. Huku wazima, isipokuwa sauti imenikauka kwa kufukuza ndege kwenye mpunga, na hilo silihesabu ugonjwa. Mama yako anakusalimu kutoka Kondoa. Nakuandikia barua kamili humu kwenye simu, maana hivyo vifupi vyenu vya "mambo, poa" havinitoshi.

Ile linki ya kikundi chako cha kompyuta imefunguka, nimeingia. Niliishia darasa la nne, lakini mashine zinanijua. Mwaka ule wa mafuriko kambale alimeza redio yangu, nikamfuata kwa sauti ya taarifa ya habari mpaka nikamvua, redio nikaizima mwenyewe. Basi maswali yenu ya kila siku ya "programu hii itatoa nini" yanitishe kwa lipi? Hiyo nafasi ya kukaa miezi mitatu kwenye ofisi yenye kompyuta, andika ni yako. Kijiweni nimeshawaambia mpwa wangu ni injinia.

Mjomba wako,
Uwesu

Ihumwa, 9 Mei

Shikamoo mjomba,

Mimi mzima, nimechoka tu. Kutwa nasimama kwenye mashine ya fotokopi hapa steshenari, jioni ndiyo nashika simu nijibu swali la Octavian, yule anayeendesha kikundi. Mjomba, mimi si injinia. Kompyuta sina, najifunza kwa simu hii iliyopasuka kioo. Kwa ile nafasi tumebaki wawili, mimi na Joshua wa Kongwa, na Octavian ataamua wiki ijayo. Naomba humo ukae kimya, usome tu.

Mpwao,
Mwanne

Bahi, 12 Mei

Mwanne mama,

U hali gani? Sisi ni wa kushukuru. Kaa chini nikupe habari.

Asubuhi nimefungua swali: namba mbili imewekwa ndani ya alama za kunukuu, mashine inaambiwa izidishe mara tatu. Chini yake majibu ya kubonyeza, na majina ya waliobonyeza kila jibu. Naona watu wamejazana kwenye 6. Wewe peke yako umekaa kwenye 222, kama mgonjwa aliyesahauliwa benchi. Roho ikaniuma. Wengi wape, sawa, lakini wengi si wanatafutwa? Mimi niliyempitisha Mudrick uenyekiti wa bodaboda na hata pikipiki hana, nishindwe na kikundi cha watoto? Nikampa Mudrick linki, akaisambaza stesheni, mnadani, mpaka kwa wavuvi. Kufika adhuhuri 222 inaongoza. Hata Loisi muuza maandazi kapiga kura, na kusoma hajui. Lala usingizi, tumeshinda.

Mjomba wako,
Mwenyekiti wa Kampeni

Ihumwa, 13 Mei

Shikamoo.

Leo siulizi hali. Yale si uchaguzi. Jibu lilikuwa 222 tangu nilipokuwa peke yangu. Kilicho ndani ya zile alama mashine haikioni kuwa namba, inakiona maandishi, na maandishi ukiyazidisha yanarudiwa tu. Bahi nzima ingekwenda kwenye 6, mashine ingetoa 222. Sikuhitaji mtu.

Octavian ameona namba ngeni zenye picha za pikipiki zinaandika "Mwanne oyee", akasema nimeleta watu wa kunibeba. Ameniondoa kwenye kikundi. Nafasi kapewa Joshua.

Usiniandikie kwa sasa. Nimechoka.

Mwanne

Bahi, 2 Juni

Mpwa wangu,

Salaam. Hali yako siijui, naiombea iwe njema. Uliniambia nisiandike, nimejizuia mpaka vidole vimeota kutu.

Nilimpigia Octavian. Nikamwambia zile kura ni zangu, wewe hukujua. Akasema, "Mzee nimekuelewa, ila ofisi imeshampokea yule. Dada akitaka kurudi, arudi." Nikakupigia, hukupokea. Mama yako anasema kompyuta umeiacha.

Watu wangu wote wametolewa kikundini, nimebaki mimi, nadhani kwa sababu picha yangu nimevaa tai. Basi nitakuwa nakunakilia swali. Linakuja kwa picha, na kutuma picha sijui. Alikuwa akinisaidia Mudrick, tangu zile kura hatusemezani. Nanakili kwa kalamu kwanza, ndipo naandika humu. Kijiweni nimewaambia nasoma kompyuta, na si uongo sana. La leo:

x = 5
x = x - 1
print(x)

Majibu ya kuchagua: 5, 2, 0. Kama hutaki, lifute. Kesho nitaleta lingine.

Mjomba wako,
Uwesu

Ihumwa, 6 Juni

Shikamoo mjomba,

Natumai sauti imerudi. Hali yangu bado ni ile ile, kazi na kulala.

Swali lako nimekaa nalo siku zote hizi. Kwa ulivyonakili linatoa 4, na 4 haimo kwenye majibu. Umeruka mstari, ule unaoiambia mashine irudie kupunguza mpaka wapi. Nilitaka kukuuliza, nikaona ngoja. Nikaandika mmoja wa kuishia 2, nikaandika mwingine wa kuishia 0. Yote miwili imekubali humu kwenye simu. Mjomba, miezi yote hiyo nilikuwa nasoma mistari ya watu. Hii ndiyo yangu ya kwanza.

Wa Octavian sijui ulikuwa upi, na usihangaike kuutafuta. Leta la kesho. Ukiruka, ruka popote.

Mpwao,
Mwanne