Kwa Bi Mdogo, Aliyeacha Hedifoni Mbili Mezani

Mwaka umetimia, mjukuu wangu, tangu uingie hospitali kwa miguu yako mwenyewe, mkoba begani, ukisema ni kichwa tu na kesho utarudi kazini. Hukurudi. Leo nimeomba kalamu niandike mimi, kwa sababu mama yako akianza hamalizi mstari.

Wanaosoma watusamehe tukiitana tulivyozoea. Mimi nilikuwa bi mkubwa, wewe bi mdogo, wake wa mume mmoja, babu yako, ambaye hukuwahi kumwona ila kwenye picha. Ukinikuta nimekaa kiti chako ulisema, "Bi mkubwa, hata kiti unaninyang'anya, na mume umekaa naye peke yako miaka yote hiyo?" Nikakujibu, "Ungezaliwa mapema." Nyumba ilikuwa na watu wachache lakini haikuwa kimya.

Kazi yako ilikuwa masikio. Pale kwenye duka la vyombo vya muziki walikuweka utengeneze vilivyoharibika, ukaishia kuwa mtu wa kuulizwa. Watu walikuja na pesa mkononi, wewe ukawarudisha nyumbani na pesa zao. "Hizi si bora kuliko ulizo nazo," ulisema, "ni mpya tu." Mwenye duka alilalamika mbele yangu: "Mama, huyu binti nimemwajiri auze au afukuze wateja?" Lakini alisema akicheka, maana uliyemfukuza leo alirudi na ndugu zake.

Hedifoni ulizozipenda kuliko zote uliziita elektrostatiki. Mimi niliziita za utando. Siku moja ulinifungulia moja iliyokufa ukanionyesha: ndani hamna kispika kama cha redio, mna utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, umetandazwa katikati ya nyavu mbili za chuma, na umeme unauvuta huku na huku. Hazichomekwi kwenye simu. Zinataka amplifaya yake, na amplifaya inataka ipate joto kwanza, kama mzee anayeamka. Besi yake haikupigi kifuani. Lakini mtu akiimba humo, unasikia alipolamba midomo kabla ya kuanza.

Kulinganisha hedifoni uliniambia ni kazi ya kujinyima. Zote lazima zisikike kwa kiwango kimoja cha sauti, ukipima kwa kile kidude chako, maana iliyo na sauti kubwa kidogo humdanganya kila mtu akaiona bora. Tena usiione. Ukiona ya bei kubwa, masikio yanafuata macho. Ndiyo maana ulinipa kazi. Ulikaa kitini, ukajifunga mtandio wangu machoni, mimi nikasimama nyuma yako nikizishika kwa mikono miwili kwenye masikio yako bila kuziacha zikalie kichwa, ili uzito wake usikuambie ni zipi. Sijui mabibi wengine wanashika wajukuu zao vipi wakishakua wakubwa. Mimi nilipewa sababu ya kukushika kichwa kila Jumamosi.

Nikibana sana, ule utando ulitoa mlio, pwi, nawe ukaruka.

"Bi mkubwa, kuna mtu ametoa hewa humu ndani."

"Si mimi. Ni hizi za ghali."

"Kwa bei ile zingejizuia!"

Tulicheka mpaka mama yako akaja kuangalia kama kuna mgeni.

Kuna jambo sikukwambia nilipokuwa nawe. Ulikuwa ukitaka kuzungumza nami unakuja mbele yangu kwanza, unanitazama usoni, ndipo unafungua mdomo. Ulianza hivyo ulipogundua kwamba mtu akisema nyuma yangu simsikii vizuri. Hukuniambia umegundua. Hukupandisha sauti mbele ya watu. Ulizunguka tu ukaja mbele. Nililiona hilo, mjukuu wangu, kila siku nililiona.

Katika watu waliokujia, wa mwisho alikuwa Mwalimu, yule mzee aliyefundisha piano watoto wa nusu ya mtaa. Daktari alimwambia masikio yake yameanza kuaga, na hayatangoja. Akaja dukani akajaribu zile elektrostatiki mpya, zile ambazo kwa bei yake mtu angepata kiwanja kidogo, akalia mbele ya wateja. Akaamua atazinunua. Hakuwa na kitu cha kuuza ila piano yake.

Ulimleta nyumbani ukampa kiti kizuri. "Mwalimu," ulimwambia, "usiuze kwanza. Nina zangu za aina hiyo hiyo, ni za zamani, nilizinunua zimetumika. Naomba nizilinganishe na zile mpya. Zikikaribiana, nitakutafutia kama zangu na piano itabaki pale ilipo. Zikiachana mbali, nitakwambia vilevile."

"Na ukiniambia zimeachana mbali?"

"Basi nitakuja kukusaidia kuifuta vumbi kabla ya mnunuzi."

Mwenye duka akakuazima zile mpya. Ukaziweka mezani kwako, pembeni ya zako. Halafu kichwa kikakuuma.

Wodini ulikuwa unalala na kuamka. Nesi mmoja, hata sura yake siikumbuki vizuri, alinitolea kiti chake yeye akasimama zamu nzima. Mungu amkumbuke. Ukafumbua macho ukanitazama usoni kama kawaida yako ukasema, "Bi mkubwa, Mwalimu asiuze. Sijamaliza." Nikakwambia utamaliza mwenyewe.

Baada ya mazishi mama yako alifunga mlango wa chumba chako. Redio ya jikoni akaitoa waya. Alipika bila redio, akafua bila redio, na mimi nikazunguka kuja mbele yake kila nilipotaka kumsemesha, maana yeye sasa ndiye aliyekuwa hasikii. Mwenye duka alikuja, nikadhani amefuata mali yake. Alikaa, akanywa maji, akasema, "Zile hedifoni zikae tu. Mtazirudisha mtakapoweza kuingia humo." Akaenda zake. Mtu na biashara yake, vitu vya bei ile!

Kisha akaja Mwalimu. Alikaa sana akizungumza habari za mvua. Alipofika mlangoni ndipo akasema, "Dada yangu, piano nimeipatia mtu. Jumamosi anakuja na gari. Sijaja kudai lolote kwa marehemu. Nimekuja kuwaambia msije mkajiona mna deni langu."

Mama yako alitoka jikoni na mapovu ya sabuni mpaka kwenye viwiko.

"Mwalimu, mwambie mnunuzi asubiri."

"Mwanangu, nani sasa atalinganisha?"

"Mwambie asubiri," akasema, akarudi kwenye masufuria yake.

Siku iliyofuata, mchana, tulifungua chumba. Harufu yako ilikuwa bado humo, nami sitaandika juu ya hilo. Mimi nilijua kazi ya mikono, yeye hakujua kitu. Tulipima sauti kwa kile kidude mpaka zikalingana, tukawasha amplifaya, tukakaa juu ya kitanda chako tukiisubiri ipate joto. Mama yako alishika mto wako kifuani.

Kisha akakaa kwenye kiti chako, nikamfunga mtandio, nikasimama nyuma yake nikamwekea za kwanza masikioni. Rekodi ya piano ikaanza. Mtandio ukalowa, vidole vyangu vikalowa, nikasema tuache.

"Usiondoe," akasema. "Weka nyingine."

Nikaweka nyingine. Nikarudisha. Nikageuza mpaka mabega yakaniuma, naye akawa anasikiliza kweli, ameinamisha kichwa upande kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu tukuzike niliona uso wake unafanya kazi nyingine zaidi ya kuomboleza.

"Hizi," akasema mwishowe. "Zile nyingine ni nzuri, piano yote imo, mbao zake, nyundo zake, kila kitu. Lakini juu zina dari. Hizi hazina dari."

Nilitazama mikononi mwangu. Zilikuwa zile mpya. Nikaona akilini gari la mnunuzi limeshafika, piano ya Mwalimu inatolewa mlangoni kwa kamba.

"Una hakika?"

"Rudia, utaona." Nikarudia, kwa hila, nikichanganya. Hakukosea hata mara moja. Una masikio ya mama yako, bi mdogo, tulidhani umeyatoa wapi!

Akavua mtandio. Akaniona nilivyonyong'onyea. "Hebu kaa na wewe, mama," akasema. "Umesimamia masikio ya watu miaka yote, yako hujawahi kuulizwa." Nikamwambia mimi ni mkono tu. Akanikalisha. Akanifunga macho kwa upole, kama mtu anayemvisha mtoto, akazishika.

Piano ilikuwa tamu. Nikasubiri abadilishe.

"Badilisha basi."

"Nimebadilisha, mama."

"Badilisha tena."

"Nimebadilisha mpaka nimechoka."

"Mimi naona ni zile zile."

Mikono yake ikasimama. Kwanza nilidhani amechoka. Kumbe alikuwa ameelewa kabla yangu.

"Tofauti yote iko juu kabisa, mama, kwenye zile sauti nyembamba," akasema polepole. "Na wewe huko juu hufiki tena."

Sikuona uchungu. Nilimfikiria mzee mwenzangu. "Wala Mwalimu hafiki," nikasema.

Hilo ndilo lilikuwa jibu lako, mjukuu wangu, na nadhani ulikuwa umeshaanza kulikaribia. Zile mpya ni bora, na ubora wake ni wa kweli. Lakini kile kinachozidi, kile ambacho Mwalimu angekitolea piano yake, kimekaa mahali ambapo masikio yake yamekwisha kuondoka. Angenunua chumba cha juu katika nyumba isiyo na ngazi.

Kumwambia mtu hivyo ni kumwambia pia masikio yake yamefika wapi, na mama yako aliogopa. Nikasema nitamwambia mimi, maana ni rika langu.

Alikuja amevaa koti lake la kufundishia. Nikamwambia, "Mwalimu, za ghali ni bora. Aliyeanza kazi hii hakumdanganya mtu, na mimi siwezi kuimaliza kwa uongo. Lakini huyu binti yangu anasikia kilichozidi, mimi sisikii. Jaribu mwenyewe."

Mama yako akamfunga macho, akamshikia. Alisikiliza, akabadilishiwa, akasikiliza, akabadilishiwa. Vidole vyake vilikuwa vinacheza juu ya magoti. Tukangoja aseme. Mwishowe akajifungua mtandio mwenyewe, akaukunja vizuri, akanipa.

"Dukani nililia," akasema.

"Ulilia kwa sababu ulikuwa hujawahi kusikia za aina hii," mama yako akamwambia. "Hizi za mwanangu ungezilia vilevile. Sasa hivi umezilia."

Akajigusa shavu, akakuta ni kweli. Akacheka, kisha kicheko kikamgeuka. "Kwa hiyo nimechelewa."

"Umechelewa kwa kidogo," nikamwambia. "Kikubwa kipo. Na piano inabaki."

Mnunuzi alikuja Jumamosi akaondoka na gari tupu. Hakukasirika, aliomba tu apigiwe wimbo mmoja kabla ya kwenda, akapigiwa. Mwenye duka alizichukua zake, na baada ya muda akampatia Mwalimu nyingine kama zako, zimetumika, kwa bei ya mtu na jirani yake. Zako ziko kwa mama yako. Anazifunika kwa kitambaa vumbi lisiingie kwenye utando. Redio ya jikoni imerudi kwenye waya wake, ingawa kuna nyimbo zikianza anaizima, nasi hatumwulizi.

Sitasema tumepoa. Ninaandika haya na kiti chako kiko mbele yangu, na hakuna wa kukigombania.

Wiki iliyopita tulikwenda kumwamkia Mwalimu. Masikio yake yamezidi kushuka, lakini bado anapiga. Akatuita karibu na piano, akabonyeza ufunguo mmoja, akaukandamiza, akauacha ulie mpaka ufe wenyewe. Sauti ikapungua, ikapungua. Mimi na yeye iliachana nasi karibu wakati mmoja, tukatazamana kama watoto walioanguka mtihani.

"Imekwisha," Mwalimu akasema.

Mama yako alikuwa amesimama kando, mkono juu ya mbao, amefumba macho. Akatikisa kichwa.

"Ipo."

Tukangoja. Mimi sikusikia kitu, bi mdogo, hata chembe. Chumba kilikuwa kimya kabisa kwangu. Nilimtazama yeye usoni.

"Bado ipo," akasema.

Na sisi wazee wawili tukabana pumzi zetu, tusije tukamharibia.

Unakumbukwa na mama yako, na mdogo wako wa kiume, ambaye sasa anavaa saa yako, na wajomba zako na mama yako mdogo, na mwenye duka na wenzako wote wa kazi, na Mwalimu, na mimi bibi yako, bi mkubwa wako.

Mungu akulaze pema. Maadamu tupo, hutatoka katika kumbukumbu zetu.